Fimbo Tumboni mwa Ndege

Mimi ni mtu wa kelele. Wanaonijua pale Mwigobero, mwaloni Musoma, ninakouzia dagaa, wanajua kwamba nikianza kusimulia habari ya safari ile huwa nasimama wima, mizani naiacha inaning'inia, na mteja anayetaka kupimiwa inabidi angoje. Nimeshawasimulia wachuuzi wenzangu, wabeba mizigo wa mitumbwini na kwaya nzima ya kanisani kwetu. Sasa naiandika, kwa sababu kila nikisimulia kuna mtu ananikatiza na kuuliza habari ya fimbo kabla sijapanda ndege, mwingine anataka ndege kabla hajaielewa fimbo, na hasira zangu haziko mbali.

Kwa hiyo nianze na fimbo.

Ni nyeusi na nzito. Kichwa chake kimechongwa duara kama ngumi ya mtoto, na mwisho wake umevishwa chuma usiliwe na ardhi. Ilikuwa ya babu yangu, ikaenda kwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu, ambaye ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Kwetu, vijiji vya ziwani upande wa Murangi, kila ukoo una taratibu zake. Ukoo wetu ukienda kupanga mahari hauendi na wasemaji wengi. Unaenda na mwenye fimbo. Huyo ndiye mwenye neno, na wengine, hata kama wana digrii mbili, kazi yao ni kukaa na kutikisa vichwa.

Na haipokelewi hivi hivi. Anayeitoa anauliza, kwa lugha ya nyumbani, "Umeshika?" Anayepokea, ambaye lazima awe wa damu, anajibu, "Nimeshika." Maneno hayo yakishatamkwa, neno limehama, na halirudi mpaka aliyepokea aitoe mwenyewe kwa mtindo huohuo. Nililiona tendo hilo mara moja tu, nikiwa msichana mdogo, siku babu alipomkabidhi baba mkubwa akiwa kitandani. Hakuna aliyewahi kusema mwanamke asiishike. Nadhani hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ingehitaji kusemwa.

Sasa shida iliyotupeleka angani. Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa injini za boti hapohapo Mwigobero, mtu mpole ambaye hata injini ikimgomea huisemesha kwa adabu. Alimpenda mwalimu mmoja wa Butiama, na mwalimu naye akampenda. Lakini baba wa mwalimu alikuwa ametungoja mara mbili na mara mbili hatukutokea. Mara ya kwanza mvua ilikata barabara ya kutoka kijijini na gari letu likazama kwenye tope hadi milangoni. Mara ya pili macho ya baba mkubwa yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akakosea ngazi ya mlango wake mwenyewe na kuanguka asubuhi ileile ya kuondoka. Mzee wa Butiama alikuwa amechinja mara zote mbili. Akatuma ujumbe kwa mshenga kwamba anatupa Jumamosi moja tu: tufike kabla jua halijawa utosini. Jua likivuka, mlango wake umefungwa na tusibishe tena.

Mdogo wangu alikonda. Alikuwa anakuja kwenye meza yangu, anakaa juu ya gunia tupu, anatazama maji, anaondoka. Mimi ningemtikisa mzee wa Butiama mabegani, lakini mshenga alikuwa ameshaniomba nisiende hata kumsalimia.

Wakati huo mimi na baba mkubwa tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya macho, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Tulikwenda kwa basi. Tulipanda gizani, tukashuka gizani, na kati yake miguu ilivimba mpaka viatu vikakataa. Jicho la kulia likasafishwa, bandeji ikatolewa, baba mkubwa akanitazama na kusema kumbe nimezeeka. Tulipanga kurudi Alhamisi. Daktari akaahirisha kipimo cha mwisho mpaka Ijumaa mchana. Nikampigia simu mdogo wangu nikamwambia. Basi la Jumamosi lingetufikisha Bunda watu wameshalala, na mlango wa Butiama umeshafungwa.

Jioni ile tiketi mbili za ndege zikaingia kwenye simu yangu, zimetoka kwa mdogo wangu. Ndege ya alfajiri, Dar mpaka Mwanza. Kutoka Mwanza gari lingetuchukua mpaka Butiama, na tukijaliwa tungewahi. Sikuuliza amezipataje. Nilipiga kigelegele hapo hapo kwenye korido ya nyumba ya wageni, na mhudumu akaja mbio kuuliza kama kuna harusi. Nikamwambia ipo, ila bado iko angani.

Lazima mnielewe. Nimekulia Musoma, mji ambao uwanja wake wa ndege uko katikati ya watu. Tukiwa shule tulikuwa tunaukatiza kwenda nyumbani, mbuzi wanakula majani pembeni, na mlinzi akitufukuza tunacheka. Mara mojamoja ilikuwa inatua ndege ndogo ya pangaboi, mapanga yake yanazunguka mbele mpaka nywele zinasimama, na sisi tunashika nguo na kupiga kelele. Nilijua sauti ya ndege kabla sijajua kusoma. Lakini kupanda? Nimelea watoto, nimezika mume, nimeuza dagaa mpaka mikono yangu imekuwa na harufu isiyotoka, na sikuwahi kupanda. Ijumaa ile nilifua gauni langu mara mbili ingawa mara ya kwanza lilikuwa limetakata.

Uwanjani tulifika mapema kuliko wafagiaji. Begi letu tulilikabidhi kaunta, tukapewa kadi za kupandia, na mimi kadi yangu niliishika kwa mikono miwili. Baba mkubwa alikuwa na koti lake la kanisani, kofia, na fimbo. Kwenye ukaguzi tukavua mikanda, tukavua viatu, tukaweka simu kwenye trei. Fimbo ikapita ndani ya mashine, na upande wa pili kijana wa ukaguzi akaishika, akaipima uzito mkononi, akagusa chuma cha chini.

Alikuwa na adabu, hilo sitamnyima. Alisema shikamoo kwanza. Halafu akasema mzee angeruhusiwa na mkongojo wa kawaida, lakini hii ina kichwa cha rungu na ncha ya chuma, haiwezi kukaa na abiria. Inabidi irudishwe kaunta, iandikwe kama mzigo na isafiri tumboni mwa ndege. Na kaunta inakaribia kufungwa.

Baba mkubwa akauliza ni nani atakayeibeba huko tumboni. Kijana akajibu ni wapakiaji. Baba mkubwa akasema yeye hawajui hao wapakiaji wala koo zao. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mtu mmoja mwenye suti akauliza kama tunasafiri au tunafanya kikao, nami nikamgeukia na kumwambia kwamba tunafanya vyote viwili na akitaka achangie hoja. Akatazama saa yake.

Nikamwambia baba mkubwa anipe niikimbize. Yeye jicho lilikuwa jipya, mimi miguu ilikuwa mizima. Hakutoa. Alisimama ameikumbatia fimbo kifuani, bila viatu, soksi moja imetoboka, akinitazama kwa lile jicho lililosafishwa. Sikuelewa anafikiri nini. Nilifikiri ni ukaidi wa kawaida. Kijana wa ukaguzi akasema kwa upole kwamba mama, kaunta inafungwa.

Ndipo baba mkubwa akainyoosha kwangu kwa mikono miwili. Akasema kitu, nami nikajibu, na nilikuwa nimeshageuka.

Mimi ni mwanamke mnene na nilikimbia peku. Nilipita kwenye foleni kinyume na watu, nikaruka mkoba wa mtu, nikasema samahani kwa Kiswahili, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiingereza kidogo nilicho nacho. Binti wa kaunta alikuwa anazima kompyuta. Nikaweka fimbo mbele yake, nikashindwa kusema kwa kukosa pumzi, nikaonyesha tu juu kwa kidole. Akaelewa. Akaifunga kwa karatasi ya plastiki, akaizungushia lebo, na nikaitazama ikiondoka kwenye mkanda mpaka ikamezwa na yale mapazia ya mpira.

Na sasa ndege. Tulitembea kwenye lami mpaka kwenye ngazi zake, na baba mkubwa akasimama akauliza mapanga yako wapi. Hakukuwa na mapanga. Chini ya kila bawa kulikuwa na pipa moja kubwa lililo wazi mbele, basi. Ilikuwa jeti, si ile kubwa ya kwenda Ulaya, ni ya kadiri, nyembamba na safi, viti viwili upande huu na viwili upande ule, kwa hiyo hakuna anayebanwa katikati. Nilimpa baba mkubwa dirisha. Mhudumu alinifunga mkanda wangu kwa sababu nilikuwa nauvuta upande usio wake, na sikuona aibu hata kidogo.

Ilipoanza kukimbia, niseme ukweli, nilicheka. Sijui kama wengine hucheka. Mgongo wangu ulisukumwa kwenye kiti, kila kitu kikatetemeka, halafu mtetemeko ukakatika ghafla na chini kukawa hakuna barabara. Baba mkubwa alinishika mkono na kusema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwamba tumeondoka. Abiria wa mbele wakageuka. Nikasema ndiyo, Baba, tumeondoka. Nilikuwa na furaha mpaka kifua kinauma.

Ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja mwenye mkoba mdogo tu. Nikamuuliza mizigo yake iko wapi, akaniambia hana, anakwenda kikaoni Mwanza na jioni anarudi kulala kwake Dar. Nilimwomba arudie. Akarudia, akicheka. Akanieleza kwamba ndege hii kazi yake ni mikoani: asubuhi inatushusha Mwanza, inapakia wengine bila hata kupumzika, inarudi Dar, mchana iko mkoa mwingine, na jioni inarudi tena ziwani. Na ikirudi Dar haibebi watu peke yao. Tumboni inabeba maboksi ya minofu ya samaki kwenye barafu.

Hapo nilikaa kimya, na mimi kunyamaza ni jambo. Nilikuwa nahesabu kichwani sato wa Mwigobero wanaoharibika tukingoja lori. Nilikuwa nawaza ule uwanja wetu wa Musoma, jinsi walivyoutengeneza upya, njia ndefu ya lami pale tulipokuwa tunafukuzwa na mlinzi. Kitu kama hiki kikija kutua pale kila siku, samaki anayevuliwa alfajiri ataliwa Dar usiku uleule, na mgonjwa wa macho hatavimba miguu. Nilimwambia baba mkubwa yote hayo kwa mfululizo. Akasema niache kupiga kelele, anatazama.

Mhudumu alileta juisi na pakiti ndogo za korosho. Baba mkubwa hakula zake. Aliziweka mfuko wa koti, akasema ni za mama wa bibi harusi, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Akaniomba na zangu. Nilikuwa nimeshazila.

Halafu ndege ikainama, mawingu yakafunguka, na chini kukawa na maji. Maji na visiwa, mawe yamesimama majini, mitumbwi midogo kama punje. Baba mkubwa alibandika uso kwenye kioo. Akaniuliza lile ni nini. Nikamwambia ni ziwa, Baba, ni ziwa letu.

"Nimelivuaga maisha yote," akasema, "na sijawahigi kuliona."

Nililia. Sikujificha, nililia hapo kwenye kiti na kamasi zikatoka, na yule mama wa kikao akanipa kitambaa. Baba mkubwa alinyoosha kidole kuelekea kulikopambazuka, akasema kwetu ni kule. Sikuona chochote zaidi ya ukungu, lakini niliitikia.

Mwanza tukasimama kwenye mkanda wa mizigo. Begi letu likaja. Mabegi ya watu wote yakaja na wakaondoka nayo, yule wa suti akaondoka na lake, na mkanda ukaendelea kuzunguka mtupu.  Nilijua mzee wa Butiama hangekubali kusikia lolote bila mwenye fimbo, hiyo ndiyo sifa ya ukoo wetu kote huko. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mtu yeyote mwenye sare, na hayakuwa mazuri, pale fimbo ilipojitokeza peke yake, imelala ndani ya plastiki na lebo shingoni. Nikampisha baba mkubwa aichukue. Hakusogea.

"Ichukue wewe," akasema.

Nilidhani anaogopa mkanda. Nikaichukua, tukatoka, tukapanda gari tulilokodiwa.

Barabara ya kwenda Bunda naijua hata nikiwa nimelala, lakini siku ile nilikuwa natazama kila kitu kana kwamba nimekipa kisogo miaka mingi. Magu, Lamadi, mashamba ya pamba, ng'ombe wakivuka bila haraka na dereva wetu akipiga honi. Nilimwambia dereva habari ya ndege. Nikamwambia tena. Alikuwa mtu mvumilivu. Jua lilikuwa linapanda, ila lilikuwa bado upande wetu.

Bunda dereva akasimama kuongeza upepo kwenye tairi, na sisi tukaingia hotelini karibu na stendi kunywa chai. Fimbo ilikuwa mapajani mwangu. Baba mkubwa akapuliza chai yake, akanywa, akaweka kikombe chini.

"Leo utasema wewe," akaniambia.

Nilicheka. Nikaendelea kucheka mpaka nikaona kwamba yeye hacheki.

"Pale uwanjani nilikuulizaje?" akasema.

Ndipo nikakumbuka. Aliponinyooshea fimbo, pale kwenye foleni, peku, alikuwa ameniuliza kwa lugha ya nyumbani, "Umeshika?" Na mimi, nikiwaza kaunta, nikajibu kama mtu anayepokea ndoo ya maji: "Nimeshika."  Nikamwambia nilikuwa nawahi, sikuwa nafikiri. Akasema fimbo haiulizi kama ulikuwa unafikiri. Nikamwambia lakini yeye alikuwa anafikiri. Akakubali. Alijua anachokiuliza, na ndiyo maana alichelewa kuitoa.

Nikainyoosha juu ya meza, juu ya vikombe, nikamuuliza yeye: umeshika? Akaingiza mikono kwenye kwapa.

"Sijashika. Huo siyo mpira, nikupe, unirudishie. Nikienda kusema na fimbo iliyohama, nitakuwa nimemdanganya yule mzee ndani ya nyumba yake, na ndoa ya kijana itaanza na uongo." Akanywa chai. "Ningeweza kutoka pale nikapanda basi na fimbo yangu. Kijana angekosa mke. Na tena nikwambie ukweli, mama. Tangu nikiwa kijana naonaga zinapita juu ya ziwa. Nilitaka kuipanda. Nikasema acha, nauli yangu ndiyo hiyo."

Sikujua kama nimkumbatie au nimpigie kelele, kwa hiyo niliagiza chapati. 

Pale njia panda ya kwenda Butiama tuliwakuta wenzetu waliotoka Musoma: mdogo wangu na shati jeupe, baba mdogo, wajomba wawili. Baba mkubwa akawaeleza kwa maneno machache. Baba mdogo, mtu wa siasa ya kata anayependa kusikika, akasema huo ni mchezo wa kuigiza na akanyoosha mkono aichukue fimbo. Baba mkubwa akamwambia aniombe mimi, kwa kuwa ni yangu. Baba mdogo akanitazama usoni. Sijui alichokiona, ila mkono ulirudi mfukoni.

Mdogo wangu akanivuta pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakusema kwamba mimi ni mwanamke. Alisema jambo jingine, na lilinichoma kuliko hilo.

"Dada, nakuomba. Usigombane naye."

Tulifika Butiama jua likiwa halijasimama. Nyumba ilikuwa ya matofali, uwanja umefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa pande mbili zinazotazamana. Hakukuwa na harufu ya nyama. Mara ya tatu mzee hakuchinja. Alikaa katikati ya watu wake, mrefu, mkavu, mikono juu ya magoti. Tukasalimiana, tukaketi, akatazama fimbo mapajani mwangu, akamtazama baba mkubwa, akairudia fimbo.

Akauliza mwenye neno ni nani.

Nilisimama.  Upande wao mtu akacheka puani. Mzee wa Butiama akauliza kama tumemkosea mara mbili kwa kutokuja na sasa tumekuja kumdharau. Hasira ikanipanda, naijua inavyopanda, inaanzia shingoni. Nikamwona mdogo wangu anatazama chini, vidole vyake vya fundi vimefungana. Nikaimeza. Nikaamua kumweleza yaliyotokea tu, yote, kama ninavyowaeleza ninyi.

Nikamwambia habari ya daktari na Ijumaa. Nikamwambia basi lisingefika. Nikamwambia tumekuja kwa ndege, na ndege haikubali rungu ndani, na kaunta ilikuwa inafungwa, na baba mkubwa alinipa fimbo na akaniuliza kama nimeshika, na nikasema nimeshika, nikakimbia nayo peku uwanja mzima ili ije hapa leo. Nikamwambia baba mkubwa angeweza kuja na kumdanganya na asingejua, lakini hakutaka.

 Kuku alipita katikati ya viti na hakuna aliyemfukuza.

"Ulikimbia?" mzee akauliza.

Nikasema nilikimbia.

Akageuka akawatazama wanaume wa upande wetu, mmoja mmoja, baba mdogo, wajomba, taratibu.

"Mara mbili nimewangoja hapa wanaume wa kwenu," akasema. "Hakuna aliyekimbia hata mmoja. Sema, mama. Nakusikiliza."

Nikasema. Sitaandika tulichokubaliana, ng'ombe ni wa watu na mazungumzo ya mahari yana heshima yake. Niseme tu kwamba nilibishana kwa adabu, kwamba mara mbili niliwafanya wazee wa Butiama wacheke, na kwamba nilipotaja habari ya kijana wetu mwenye subira ambaye hata injini huisemesha vizuri, bibi harusi alisikika akicheka ndani ya nyumba. Jua lilipovuka utosi tulikuwa tumeshashikana mikono, na mbuzi alikuwa anafungwa kamba nyuma ya jiko. Baba mkubwa akatoa korosho za ndege mfukoni na kumpa mama wa bibi harusi kwa mikono miwili, akimweleza zilikotoka, kwa urefu. Mdogo wangu alinikumbatia mpaka miguu yangu ikaachana na ardhi, na mimi si mwepesi.

Jioni, tukijiandaa kurudi Musoma, nilimfuata baba mkubwa kwenye gari. Alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, karibu na dirisha, akifumba jicho moja na kutazama kwa lingine, halafu kinyume chake, akilinganisha. Nikainyoosha fimbo kwa mikono miwili. Kazi ilikuwa imekwisha na imekwisha vizuri, na sasa kila kitu kingerudi mahali pake. Nikamuuliza kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, wote wasikie: umeshika?

Aliitazama. Mkono wake ulisogea, nikauona, halafu ukatulia juu ya goti.

"Bado jicho la kushoto," akasema. "Nitaenda tena Dar. Na ndege haipendi hii kitu."

Nikabaki nimeinyoosha.  Nikaingia kiti cha nyuma, nikailaza mapajani, tukaondoka.

Iko nyuma ya mlango wangu, Musoma. Mwezi uliopita walikuja watu wa ukoo wetu kutoka Murangi, wana binti wa kuposa upande wa Bunda. Waliniamkia, wakakaa, wakaniuliza nina nafasi lini.